Chumba cha nyuma: radieta chini, mabomba sakafuni, radieta juu tena

Jumamosi, Septemba

Chumba chenyewe ni cha watoto, kiko ghorofani upande wa nyuma, katika nyumba ya safu ya matofali mekundu hapa Leicester iliyojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Ukuta wa nje lipu imeachia; ukiugonga kwa vidole unasikia uwazi ndani. Chini ya dirisha pana radieta ya zamani ya bamba moja. Mabomba yake mawili ya shaba, ya milimita 15, yanachomoza sakafuni kwenye kona ya kushoto na kutambaa juu ya skatingi (ule ubao unaozunguka chini ya kuta) hadi kwenye radieta, yamepakwa rangi juu ya rangi hata vibano vyake havionekani tena.

Mama watoto alitaka rangi mpya tu. Nikamwambia lipu ikishavuliwa mabomba yale yatabaki yananing'inia, na hata yasingening'inia, nani ana subira ya kupitisha brashi nyuma yake? Tumekubaliana hivi: radieta ishuke, mabomba yapite chini ya mbao za sakafu na kuchomoza wima chini ya radieta mpya, ukuta upigwe lipu, upakwe, radieta ipande.

Kwa aliyeko Dar au Mombasa ambaye hajaishi na chombo hiki: boila inapasha maji, pampu inayazungusha kwenye radieta zote za nyumba, radieta zinapasha vyumba, maji yanarudi yamepoa, yanapashwa tena. Ni maji yale yale miaka nenda miaka rudi, hayachanganyiki na ya bombani. Ndiyo maana yanatiwa dawa ya kuzuia kutu, na ndiyo maana dawa ikiisha nguvu yanageuka meusi.

Boila yangu ni ya gesi. Uingereza kazi ya gesi kisheria ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, daftari rasmi la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la CORGI mwaka 2009. Kwa hiyo kifuniko cha boila hakifunguliwi na mimi. Upande wa maji, kuanzia mabomba hadi radieta, mwenye nyumba anaruhusiwa kujishughulisha nao.

Jumamosi hiyo hiyo, mchana

Kumwaga maji. Kama ningetaka kupaka rangi tu nyuma ya radieta, ningefunga valvu zake mbili na kuitoa yenyewe peke yake. Lakini nakata mabomba, na bomba linalokatwa halina valvu mbele yake. Lazima mfumo wote ushuke hadi chini ya usawa wa sakafu ya ghorofani.

Boila nimeizima na kuiacha ipoe. Koki ya kumwagia iko sebuleni, chini ya radieta iliyo karibu na mlango wa uani. Nimefunga mpira wa maji kwa klipu ya kukaza, ncha nyingine nimeielekeza kwenye shimo la maji machafu ya jikoni. Si kwenye mfereji wa mvua, kwa sababu ule mara nyingi unakwenda mtoni moja kwa moja na maji haya yana kemikali. Nimefungua koki, halafu nikapanda juu kufungua skrubu za hewa za radieta za ghorofani. Bila hewa kuingia juu, maji yanasita njiani na unadhani yamekwisha kumbe yamejificha.

Yametoka meusi kama kahawa tungu. Weusi huo ni magnetaiti, chuma cha radieta zenyewe kilicholiwa pole pole. Yakimwagika kwenye zulia doa lake halitoki, kwa hiyo zulia la chumba lilikwisha kukunjwa na kutolewa, na ngazini nimetandika nailoni.

Radieta bado ina maji hata mfumo ukishamwagwa, kwa sababu matundu ya valvu hayako chini kabisa ya bamba. Beseni la chini chini limekaa chini ya valvu, spana moja imeshika mwili wa valvu na nyingine inalegeza nati. Spana mbili, daima. Ukitumia moja unalisokota bomba, na nguvu hiyo inakwenda kujitokeza kwenye kiungo kilicho mbali, chini ya sakafu usikoona. Radieta imeinuliwa kutoka kwenye mabano yake, ikapinduliwa ili matundu yatazame juu, ikatoka nje kwa watu wawili.

Mabomba nimeyakata kwenye kona, juu kidogo ya sakafu, kwa kikata bomba cha kuzungusha. Kwenye ncha zote mbili nimetia vizibo vya kusukuma, kisha nikajaza mfumo tena maji matupu bila dawa. Kwa nini nijaze leo wakati nitamwaga tena? Kwa sababu boila ya kombi, ile inayopasha maji ya radieta na ya kuoga pia, ikikosa presha haitoi hata maji ya moto ya kuoga, na nyumba ina watoto. Dawa itasubiri ujazo wa mwisho. Kuitia sasa ni kuimwaga.

Jumapili

Mbao za sakafu. Hizi za zamani hazina ulimi, zinanyanyuka vizuri ukianza na ile iliyowahi kukatwa. Misumari yake ni ile bapa iliyokatwa kwa mashine za zamani, na ubao ukinyanyuliwa kwa pupa unapasuka. Chini yake kuna vumbi la miaka mia, gazeti lililokauka, na bomba la chuma jembamba ambalo halikuwa la maji. Nyumba nyingi za umri huu ziliwashwa taa za gesi kabla ya umeme, na mabomba yale yaliachwa. Huenda limekufa zamani, lakini "huenda" si neno la kukatia bomba. Nimeliacha lilivyo.

Sasa boriti. Zimekaa kutoka ukuta wa nje kuja ukuta wa ndani, mita 3.6 hivi, na kimo chake ni milimita 175. Mabomba yangu yatazikata njia, na boriti haichongwi ovyo. Mwongozo unaotumika hapa ni kwamba mchongo wa juu usizidi moja ya nane ya kimo, na ukae kati ya asilimia 7 na 25 ya urefu kutoka kwenye egemeo. Kwangu hiyo ni kina cha milimita 21, na umbali wa kati ya sentimita 25 na 90 kutoka ukutani. Tundu la kutoboa katikati ya kimo lina eneo lake jingine, asilimia 25 hadi 40 ya urefu, yaani huko karibu na katikati ya chumba.

Hapo ndipo nilipoachana na bomba la plastiki. Nilikuwa nalipenda: linapita kwenye matundu kipande kimoja bila kiungo, na halipigi kelele. Lakini kulipitisha kihalali ningelazimika kulizungusha hadi katikati ya chumba na kulirudisha. Shaba kwenye michongo, sentimita 30 kutoka ukutani, ndiyo njia fupi. Halafu shaba ndiyo itakayoonekana ikichomoza sakafuni, na plastiki nyeupe inayochomoza sakafuni inaniudhi.

Fundi wa zamani alichonga boriti mbili karibu na kona kwa kina kupita kiasi, bila bati juu yake, na msumari wa ubao mmoja umepita kando ya bomba ukaacha mkwaruzo unaong'aa. Upana wa unyoya kushoto zaidi, dari ya jikoni ingekuwa na historia nyingine. Michongo hiyo sikuitumia wala sikuiongezea. Yangu nimeichonga pembeni kwa msumeno na patasi, kina cha kutosha bomba na kitambaa chini yake, na juu ya kila mchongo litakaa bati la chuma kabla ubao haujarudi.

Kitambaa kile ni vipande vya felti, na kina sababu. Shaba ikipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 65 inarefuka. Kwa bomba la mita nne ni kama milimita tatu na nusu. Bomba likibanwa na mbao halirefuki kimya kimya, linaruka kidogo kidogo, na hiyo ndiyo "tik, tik, tik" ya usiku ambayo wageni wengi wa nchi hii huidhania panya.

Mabomba nimeyalehemu yakiwa makavu, hayajaunganishwa na mfumo. Ncha zote zimesuguliwa kwa nyuzi za chuma hadi zikang'aa, zikapakwa flaksi (dawa ya kuifanya lehemu ishike), moto ukaelekezwa kwenye kiungo, si kwenye waya wa lehemu. Kiungo kikifika joto lake kinaunyonya waya chenyewe. Chini ya sakafu vumbi la mbao linashika moto haraka kuliko unavyofikiri: nimefyonza vumbi kwanza, nimetumia blanketi la kuzuia moto, ndoo ya maji ilikuwa mkononi, na sikuondoka chumbani hadi muda mrefu baada ya kuzima tochi. Viungo vya kukaza kwa nati sikuviweka chini humo. Vinafaa pale mkono unapofika. Kwenye giza, chini ya misumari na zulia, nataka lehemu.

Ncha za mwisho, zile za kupanda kwenye radieta, sijazikata bado. Hili ndilo ninalotaka mtu anayepanga kazi kama hii alione kabla hajanunua chochote: kila milimita utakayoiongeza au kuipunguza ukutani, bomba litaidai. Lipu ya zamani ina unene wake na mpya itakuwa na wake. Mabano ya radieta mpya yanaisogeza mbele kwa kipimo kingine. Ukiinua mabomba leo kwa kufuata vitobo vya radieta ya zamani, utakuja kuyapinda kwa nguvu siku ya mwisho ukuta ukiwa umeshapakwa. Kwa hiyo mabomba yanasubiri chini, yamezibwa, mpaka ukuta useme umefika wapi.

Wiki ya lipu

Lipu nimempa fundi, mkono wangu si wa lipu. Kavua iliyoachia, kapiga mpya, kamaliza laini. Chumba kinakauka kwa dirisha lililofunguliwa kidogo. Joto la kulazimisha linapasua lipu mbichi, kwa hiyo kutokuwa na radieta wiki hii ni baraka. Inaanza ya kahawia iliyoiva, inakwenda ikipauka hadi waridi. Hakuna la kuandika zaidi.

Isipokuwa skatingi. Nimeitoa yote, na rangi yake ya chini kabisa sikuipiga msasa mkavu. Nyumba za umri huu rangi za chini mara nyingi zina risasi, na vumbi la risasi na chumba cha watoto havikai pamoja. Nimetumia dawa ya kulainisha na kikwangua.

Jumamosi, lipu imekauka

Radieta mpya imefika. Ni ya mabamba mawili na safu mbili za mapezi ndani, ile wanayoiita aina ya 22, milimita 600 kwa 1000. Yule aliyeniuzia alishangaa naitaka kubwa kwa chumba kidogo. Sababu ni hii: wati zilizoandikwa kwenye boksi, takriban 1,700, zimepimwa radieta ikiwa juu ya joto la chumba kwa nyuzi 50. Ukiendesha boila kwa maji ya vuguvugu, tofauti ikawa nyuzi 30, unapata nusu tu ya hizo. Na boila hizi za kondensa, zinazovuna joto la mvuke ulio kwenye moshi wake, ambazo England zimekuwa za lazima tangu Aprili 2005, zinapata faida yake pale maji yanaporudi chini ya nyuzi 55 hivi. Radieta kubwa ya vuguvugu inakula gesi kidogo kuliko ndogo inayounguza mkono.

Nimetoboa matofali, nimetia plagi, nimefunga mabano, nimeitundika ikiwa kavu pamoja na valvu zake mbili: ya kichwa cha joto upande mmoja, inayojifungua na kujifunga kwa joto la chumba, na ya kofia upande wa pili, inayopangwa mara moja na kuachwa. Kisha nikateremsha timazi kutoka katikati ya kila valvu hadi sakafuni, nikaweka alama. Vipimo vya kwenye karatasi ya kiwandani havijui kwamba mkia wa valvu umeingia uzi mmoja zaidi upande huu. Timazi inajua. Matundu ya ubao nimeyatoboa mapana kuliko bomba, kwa ajili ya ile milimita tatu na nusu. Pete ya kupendezesha itaziba uwazi.

Baada ya hapo, kumwaga tena na kuunganisha kwenye kona. Tatizo likaja lilelile linalowapata wote: maji yamebaki kwenye bomba la zamani, yanadondoka tone baada ya tone, na kiungo chenye maji hakilehemiki, moto wote unaishia kuchemsha maji. Nikampigia ami yangu, aliyefanya kazi ya bomba Maskati miaka mingi na sasa amepumzika Tanga.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Umekwama?"

"Bomba linatoka chozi, ami. Haliishi."

"Mkate upo hapo nyumbani?"

Nilijua anachotaka kusema, nilitaka tu kukisikia kwake. Nyama ya mkate mweupe, bila ganda, inafinyangwa na kusukumwa ndani ya bomba kidogo nyuma ya kiungo. Inayazuia maji dakika chache za kulehemu, kisha yenyewe inalainika na kusukumwa nje. Mafundi vijana hapa wanacheka, wana vizibo vya mpira vya kazi hiyo. Wacheke. Nimeusafisha mkate kwa kuyaacha maji yatoke kwenye ncha wazi ndani ya ndoo kabla ya kufunga valvu, ili usiende kukaa kwenye boila.

Kwenye valvu: nati kwanza, pete ya shaba baadaye, bomba liingie hadi mwisho, kaza kwa mkono, kisha mzunguko mmoja hivi kwa spana. Ukikaza zaidi unaibonyeza pete hadi inaminya bomba. Mikia inayoingia kwenye radieta nimeizungushia tepu nyeupe ya uzi kwa wingi, kwa kufuata mwelekeo wa kukazia, baada ya kuukwaruza uzi kidogo kwa msumeno ili tepu isiteleze. Nati za zamani nilizitupa. Uzi wa mtengenezaji mmoja haukubaliani daima na wa mwingine, hata kama vyote vimeandikwa milimita 15.

Nimejaza hadi presha ya bar 1.2 mfumo ukiwa baridi. Karatasi kavu za choo nimezifunga kwenye kila kiungo, juu na chini ya sakafu, kwa kuwa tone dogo jicho linalikosa lakini karatasi hailikosi. Mbao hazirudishwi leo.

Jumapili

Karatasi zote kavu. Nimepasha mfumo kidogo, nimeuacha upoe, nimepasha tena, na bado ni kavu. Mabati yamekaa juu ya michongo, mbao zimerudi kwa skrubu badala ya misumari ili siku nyingine ninyanyue bila vita. Nimepiga picha sakafu ikiwa wazi, pamoja na futi ya kupimia ikionekana, na picha iko ndani ya kabati la boila.

Sasa radieta inashuka tena, safari hii njia nyepesi, bila kumwaga mfumo. Valvu ya kofia inafungwa huku unahesabu mizunguko na kuiandika, maana ndiyo mizania ya radieta hiyo, yaani kiasi cha maji inachoruhusiwa. Valvu ya kichwa cha joto ndiyo yenye hila. Watu huigeuza hadi kwenye alama ya theluji wakadhani imefungwa. Haijafungwa. Alama ile ni ya kuzuia kuganda, na chumba kikishuka hadi kama nyuzi saba usiku inafunguka yenyewe, na radieta haipo. Toa kichwa, funga kwa kifuniko chake cha mkono kinachokuja na valvu, na juu ya hayo tia kizibo kwenye mdomo wa valvu zote mbili.

Siku za rangi

Mkono wa kwanza kwenye lipu mpya ni rangi iliyozimuliwa maji sana, ili lipu inywe. Ukipaka nzito kwanza inabaki juu kama ngozi na kubanduka yote. Halafu mikono miwili ya kawaida. Nyuma ya radieta nimepaka sawasawa na kwingine, mabano yamefungwa tepu. Skatingi imepita moja kwa moja bila mabomba juu yake, na mama watoto amekubali kwamba ilistahili, ingawa kakubali kwa sauti ya chini.

Jumamosi

Radieta imepanda moja kwa moja kwenye valvu zake bila kusukumwa. Vichwa vya mabomba viko pale timazi ilipoviweka.

Ujazo wa mwisho nimetia dawa ya kuzuia kutu, kwa kipimo cha chupa kwa idadi ya radieta za nyumba. Nimetoa hewa kuanzia chini kwenda juu, nikiitazama geji kila baada ya radieta moja, kwa sababu hewa ikitoka presha inashuka. Imesimama bar 1.2 baridi, inapanda hadi karibu 1.6 ikiwa moto. Valvu ya usalama hufungukia bar 3, tuko mbali nayo.

Kwenye chumba cha nyuma valvu ya kofia nimeirudisha kwenye mizunguko niliyoandika, kisha nikaibana kidogo, kwani radieta hii kubwa ilikuwa inajivutia maji yote na ya chumba cha mbele kubaki nusu baridi. Usiku wa leo chumba cha nyuma kiko sawa na hakuna "tik, tik". Cha mbele bado kinachelewa. Kesho nitakifungulia robo mzunguko, nitazame tena jioni. Kilichobaki ni mkono wa pili wa rangi ya skatingi, pete mbili za sakafuni, na kuipeleka radieta ya zamani kwa wanunuzi wa vyuma.